Sikuwauliza Hata Majina

Shikamoo Mama. Nipo Babati, na baridi ya asubuhi inaniuma vidole, lakini aibu inaniuma zaidi.

Nililetwa na ofisi yetu kuwafundisha akina mama wa Nangara namna ya kuungana ili wapate maji ya bomba. Nilizungumza asubuhi nzima darasani, nikawaambia wamelala mno. Walinisikiliza kwa adabu. Mwishoni Mama Paskali, bibi mwenye mvi, akasimama taratibu.

"Mwalimu, bomba lipo nyuma ya darasa hili. Mtaro tuliuchimba wenyewe kwa majembe, mpaka wanaume wakaona haya wakaja kusaidia."

Ofisini hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Nilikosa pa kuweka macho. Nikamwuliza walianzaje.

"Tulianza kwa kutembeleana majumbani. Wewe tangu asubuhi hujatuuliza hata majina."

Basi nikaketi nao kwenye madawati, nikawauliza mmoja mmoja jina lake. Walinijibu wote. Kisha wakanipakulia makande, sahani imejaa, kana kwamba sikuwakosea.

Mama, hukunilea hivyo. Nisamehe, na Mungu akutunze mpaka nije nikuamkie mwenyewe.

Mwanao,
Neema