Mama Achieng', Mlolongo Wako Ulikuwa Mfupi

Mpendwa Mama Achieng',

Sikujua kwamba vyumba viwili vinaweza kumzidi mtu mmoja. Achieng' yuko Nairobi anasomea sheria, anakuja Krismasi na kuondoka. Mimi naketi kwenye cherehani hapa barazani, na kila nikimaliza pindo nageuka kukuuliza kama limenyooka. Halafu nakumbuka. Narudi kwenye kitambaa changu na siku inaendelea.

Nakuandikia waziwazi, na atakaye kusoma asome, maana wewe hukuwa mtu wa kunong'ona.

Nakumbuka ulivyokwenda ofisi ya baraza la madiwani kuulizia maji ya soko. Ulikuwa unauza samaki pale Otonglo, wewe na wenzako, mkiwaosha kwa maji ya mtaro. Karani alikuambia, "Mama, mwambie mzee wako aje." Ulirudi na karai lako, ukaketi karibu na cherehani.

"Hata ukienda wewe," ukasema, "utawaambia nini? Hujawahi kuosha samaki kwa maji yale."

Kabla ya wiki kwisha, uliniambia utasimama udiwani.

Kaka yangu mkubwa, Okoth, alituita nyumbani Asembo. Wazee walikuwa wameketi, na wewe ukapewa kiti cha pembeni. Okoth akaniuliza mimi, si wewe: "Mke wako akisimama mbele ya wanaume, wewe utasimama wapi?"

Nikamjibu, "Nyuma yake. Si ndivyo watu wanavyopiga kura mwaka huu?"

Hukucheka. Lakini tulipokuwa tunarudi ulinishika mkono barabarani, watu wakiona, jambo ambalo hukuwa umelifanya tangu tuoane.

Watoto wa leo hawajui mwaka ule wa mlolongo. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Mgombea alisimama uwanjani na wanaomtaka wakapanga foleni nyuma yake, mchana kweupe, kila mtu akimwona mwenzake. Wanawake wa soko walikuwa wamekuahidi wote. Wengine walikuja nyumbani na kuku. Wengine walilia mikononi mwako wakisema sasa wamepata mtu.

Siku yenyewe waume zao walikuja pia. Walisimama kando ya uzio wa shule, mikono nyuma, wakitazama tu. Nikawaona wanawake wale wakiinamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine, wakienda kupanga nyuma ya diwani wa zamani. Mlolongo wake ulizunguka uwanja. Wako ulianza na mimi. Nyuma yangu walikuwa wajane. Wajane watupu, Mama Achieng', kwa sababu hao hawakuwa na wa kuwauliza watakaporudi nyumbani.

Ulikuwa umevaa gauni la bluu nililokushonea. Nilikuwa nimelitazama mgongoni saa ile yote, na nikaona jinsi mabega yako yalivyokataa kushuka.

Tulishindwa. Ulimpa mshindi mkono. Njiani nikakuambia wale wanawake wamekusaliti, nawe ukasimama.

"Usiwaite hivyo," ulisema. "Wewe hujui watakachoulizwa leo jikoni."

Wateja wangu wengi walihama baada ya siku ile. Hawakutaka kuonekana wakishonewa na mtu aliyepanga foleni mahali pabaya. Hukuwahi kuniuliza kama najuta, na mimi sikuwahi kujuta.

Vyama vingi vilipokuja, kura ikarudi kuwa siri, ukasimama tena. Wanawake hawakukuahidi kitu safari hii. Hawakuleta kuku. Walikupita sokoni wakikuamkia tu kama kawaida, na mimi nikadhani tumekwisha. Kumbe walikuwa wamefunga midomo ili waweze kufungua mikono. Ulishinda kwa namna iliyomfanya diwani wa zamani aombe kura zihesabiwe upya, na zilipohesabiwa, ukashinda tena.

Lakini kwenye baraza la madiwani ulikuwa mwanamke peke yako. Nilikuwa nikija kuketi kwenye viti vya wananchi, na nikaona. Ukiinua mkono, mwenyekiti alitazama dirisha. Kila kikao alikupa neno mara moja tu, mwanzoni: "Mama atuombee, kisha tuanze kazi."

Ukaomba. Vikao kadhaa uliomba vizuri ukaketi. Kisha siku moja ukasimama, ukafumba macho, ukasema: "Baba wa mbinguni, wabariki madiwani hawa. Waonyeshe wanawake wa Otonglo wanaoosha samaki kwa maji ya mtaro. Wape moyo wa kupeleka bomba kabla kipindupindu hakijafika. Wanaokubali waseme amina."

Wote wakasema amina.

Ukafumbua macho. "Mwenyekiti, naomba karani aandike kwamba hakuna aliyepinga."

Mzee mmoja akacheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia macho. Bomba lilichelewa, lakini lilikuja.

Ulipougua kifua hukutaka kulala hospitali, ulisema kikao kiko karibu. Sitaandika habari za siku zile. Tulikuzika Asembo, na Okoth, yule yule, alisimama kaburini akasema tumempoteza kiongozi wetu. Nilimtazama, nikaona machozi yake ni ya kweli. Sikujua nifanye nini na jambo hilo. Mpaka leo sijui.

Matanga hayajaisha vizuri, akanijia. "Simama wewe. Kiti kisitoke nyumbani."

Nikamwambia, "Kaka, hakikuwa kiti cha nyumba hii."

Nikaenda kwa Mama Otieno, muuza vitunguu, yule mjane aliyekuwa mgongoni kwangu siku ya mlolongo, nikamwomba asimame yeye. Akaangusha kisu. "Baba Achieng', mimi nitasema nini mle ndani?"

"Utasema haya unayoyasema hapa kila siku."

Aliokota kisu chake. Kisha akaniuliza kama ninaweza kumshonea gauni.

Kura zimepigwa wiki hii. Ameshinda. Wanawake walipita hapa mbele wakiimba, wakanivuta niingie katikati yao, nikacheza kidogo, maana ingekuwa vibaya kukataa. Walipokata kona kuelekea sokoni mimi nikageuka, nikaharakisha. Nilikuwa karibu nakimbia, mzee mzima. Habari kama hii sikutaka uisikie kwa mtu mwingine.

Nikafungua mlango nikiwa tayari nimeanza kusema.

Pumzika, mama.

Ni mimi mumeo,
Baba Achieng'