Moyo wa Estill

Ohio, 9 Februari 2003

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje, na macho je? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Naandika kwa kalamu nene kama ulivyoagiza, herufi kubwa kama za mabango, karatasi nne kwa maneno ya moja.

Bibi, kuna ufadhili wa masomo. Ni wa wanafunzi wa shahada ya kwanza wasio na uwezo, wanaotaka kuendelea na masomo ya juu ya lugha, historia na mambo ya namna hiyo. Kila chuo kinapendekeza mtu mmoja tu. Nikiupata, nitasoma Kilatini hadi shahada ya udaktari. Nikiukosa, narudi huko dukani kupanga makopo.

Profesa ameisoma insha yangu akasema ni nzuri, lakini haina kidonda. "Wanataka kuiona shida yenyewe," alisema. Naomba ruhusa niandike habari za kaka Estill.

Mjukuu wako,
Darlena

Bonde la Sizemore, Kentucky, 17 Februari 2003

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mgongo upo, hunikumbusha kila asubuhi kuwa sijafa. Simu wameikata tena, na paka amezaa ndani ya kiatu cha marehemu babu yako.

Kilatini! Lugha ambayo wenyewe wamekufa wote. Utaongea na nani, mama, makaburini? Lakini kisome. Nilikulea nikijua hukuumbwa kupanga makopo.

Umaskini wetu uandike wote. Waambie paa linavuja, waambie mgodi ulimla babu yako mapafu, waambie tunakula maharage na mkate wa mahindi mpaka maharage yenyewe yametuchoka. Hayo bonde zima linayo. Lakini Estill alikufa kwa moyo. Ndivyo tulivyoandika kwenye tangazo la msiba, na kila aliyeleta chakula hapa alinipa pole kwa huo moyo wa Estill. Walijua, na bado walisema moyo. Huo ndio ujirani, Darlena. Usiuguse.

Bibi yako akupendaye

Ohio, 14 Aprili 2003

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Kaa kitini kwanza. Umekaa? Nimeupata.

Nililia chooni mpaka msafishaji akagonga mlango kuuliza kama ni msiba. Niliandika juu ya paa, mapafu ya babu, na maharage. Insha imepigwa chapa kwa herufi ndogo sana, kwa hiyo sikuletei. Macho yako yatateseka bure.

Mjukuu wako mwenye furaha,
Darlena

Bonde la Sizemore, 19 Mei 2003

Mjukuu wangu, fahari yangu,

Marahaba, mara mia. Nimecheza mbele ya paka na mgongo wangu huu huu.

Chuo kimeniletea pongezi, na insha yako imo ndani. Kweli, herufi zenyewe kama mayai ya chawa. Nimeiweka kwenye Biblia. Jumapili hii tunapamba makaburi, ukoo wote utakuwa kilimani, na unajua kabla ya kula husomwa habari njema za watoto. Mwaka jana tulimsikiliza binamu yangu Orbin akijisifia nguruwe wa mwanawe aliyeshinda maonyesho. Sasa zamu yetu. Orbin huyo huyo ndiye atakayesoma, ana sauti. Asimame pale kwenye kaburi la Estill, naye asikie dada yake alipofika.

Bibi yako akupendaye

Ohio, Ijumaa 23 Mei 2003

Bibi,

Shikamoo. Tafadhali usimpe Orbin karatasi ile. Nimempigia tangu mchana, simu inaita tu. Jumatatu ni sikukuu, posta imefungwa, na basi la kuja huko halipo mpaka Jumanne. Namwomba Mungu barua hii ifike kesho.

Niliandika juu ya Estill. Niliandika kwamba haukuwa moyo, kwamba vidonge alivyomeza mpaka vikamuua vilikuwa vyako vya mgongo, na kwamba kopo lake lilikaa dirishani, juu ya sinki, bila kufichwa. Nilijua huwezi kuisoma, ndiyo maana nikathubutu. Ichome, Bibi. Nisamehe.

Darlena wako

Bonde la Sizemore, 30 Juni 2003

Darlena,

Barua yako ilifika Jumanne.

Orbin alisoma vizuri. Kwenye paa watu walicheka, kwenye mapafu ya babu yako wakatikisa vichwa. Alipofika kwenye kopo alishusha karatasi, akanitazama. Nikamwambia, "Soma, Orbin. Ni mtoto wetu ameandika." Akasoma mpaka mwisho. Kisha wanawake wakaanza kufunika vyakula, mmoja mmoja, na keki ya Wilma ikarudi nyumbani nzima.

Si kwamba nilikuwa sijui. Kila nikiosha vyombo nalitazama dirisha lile. Miaka mitatu nimeweza kuamka kwa sababu watu hawa walikubali kusema moyo. Sasa wanapita wakinisalimia kutoka barabarani. Hawaingii. Si wabaya, wanaona haya tu, hawajui tena waseme nini.

Ulichoandika ni kweli tupu, na umekiandika vizuri. Pesa za wafadhili hazikupotea. Kisome hicho Kilatini mpaka mwisho, ila kwa sasa usije.

Na ukiniandikia, andika kwa herufi ndogo.

Opal Sizemore