Jini la Blanketi

Ujiji, Julai 1997

...na sijamaliza, Majidi wangu, kwani mama yako amenichosha. Lile blanketi la nailoni ulilonitumia kutoka Kasulu, huko unakopeleka mahindi ya wakimbizi, nalikumbatia kama nakukumbatia wewe. Lakini kiangazi hiki linatoa cheche. Nikilivuta kichwani, nywele zinasimama. Jana nikampa mama kikombe cha chai, vidole vikagusana, cheche ikamrukia. Akasema nina jini lenye wivu, na siji kwako mpaka mganga alitoe.

Nikamweleza nilivyofundishwa shule. "Mama, blanketi likisuguana na nywele, chaji zinahama. Nywele zote zinabaki na chaji ya aina moja, ndiyo maana zinakimbiana. Chaji zikipata pa kupitia, zinaruka. Ni umeme huo."

"Umeme uko kwa wenye nyaya, mwanangu."

Nikasugua kitana kichwani, kikanyanyua vipande vya karatasi.

"Ehe," akasema, "sasa limehamia kwenye kitana."

Nilitaka kulia, mpenzi. Leo asubuhi baridi ikamzidi, akajifunika blanketi langu gubigubi. Alipolivua na kushika kitasa cha mlango, cheche ikalia ta. Akakitazama kidole chake, kisha akanitazama mimi.

"Mganga mwambie asije," akasema polepole. "Nenda kwa mumeo. Blanketi liache hapa."

Basi kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa Kasulu, nikukumbatie wewe mwenyewe.

Mkeo mwenye cheche,
Mwanamvua