Nimpungie Mkwe Wangu Kitambaa Cheupe?

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba unijibu kabla ya Jumapili, maana Jumapili ndiyo mechi na usingizi sina. Mimi ni shabiki wa timu yetu ya Montearriba tangu nabebwa mabegani na marehemu baba, na tangu mume wangu afariki mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi cha mashabiki, na wewe unajua desturi yetu, kocha akituchosha tunatoa vitambaa vyeupe tunampungia aende zake, na cha kwanza ni cha mwenyekiti, kikipanda hicho jukwaa zima linakuwa jeupe na rais wa klabu hana ujanja.

Sasa kocha mpya ni Jacobo, mume wa binti yangu Begoña. Walipomtangaza nilijisifu mpaka buchani, nikasema huyu kijana amesoma, atatupandisha, kumbe ndiyo tunashuka daraja. Mshauri, timu imekufa. Anawapandisha mabeki mpaka katikati ya uwanja na mabeki wenyewe hawana mbio, mpira mmoja mrefu tu kipa kabaki yatima, na nahodha wetu Urrutia kamweka benchi eti mzee, na hatujashinda tangu Krismasi. Nikifikiria mwakani tutakuwa tunacheza na timu za vijijini natamani Mungu anichukue mapema.

Juzi kikundi kilikutana baa, wakakubaliana Jumapili tukifungwa vitambaa vitoke, kisha wakanigeukia mimi, na Fermín, jirani yangu wa kiti, akanichoma palepale: "Au siku hizi mwenyekiti ana kocha wake?" Kwa aibu nikasema changu nimeshakipiga pasi. Begoña akapata habari, mji wenyewe mdogo huu, akaja na ujauzito wake, hakukaa hata chini, akaniambia, "Mama, ukikiinua, mjukuu wako utamwona kwenye picha." Ndiye mjukuu wangu wa kwanza. Na Jacobo hajui lolote, maskini, jana kaja kula kwangu kama kila Alhamisi, akaniuliza kwa upole, "Mama, wewe unaionaje timu?" nikamjibu itakaa sawa tu mwanangu, ongeza dengu. Nisipoinua nimeisaliti timu, nikiinua nimempoteza mtoto. Nifanye nini mimi?

Visitación, jukwaa la kusini

Bi Visitación, pole. Pole ya kweli, kwani nami ni wa hapahapa na mechi iliyopita nilizima redio kabla ya mapumziko. Sitakudanganya: timu inashuka. Ukiinua inashuka, usipoinua inashuka, na hata tukiletewa malaika kuwa kocha, kwa mabeki wale atashuka nao. Hilo lilie mpaka uchoke, kisha uliache.

Lakini mama, tuambizane ukweli. Mkwe wako amekaa mezani kwako, amekuuliza kwa heshima, wewe unayeujua mpira kuliko nusu ya viongozi wa klabu, nawe ukamwongezea dengu. Mambo ya mabeki na Urrutia umeniandikia mimi nisiyemfundisha mtu, na baa nzima inayajua. Hajayasikia yeye tu. Halafu neno lililokushinda kumwambia mkiwa wawili unataka kumpungia mbele ya mji mzima? Huo si ushabiki, ni woga. Na Fermín asikutishe. Ana mdomo, hana mkwe.

Basi leo hii mpigie Jacobo aje peke yake, umwambie yote uliyoniambia, bila kumung'unya. Akinuna, mwache anune. Kisha uenyekiti uweke chini mpaka msimu uishe, mkabidhi Fermín auonje. Jumapili nenda uwanjani, kaa kwenye kiti chako, tuliza mikono. Wengine wakipunga waache wapunge, wana haki yao. Usigombane na mtu na usitoke mapema, maana Begoña atakuwa anakuangalia wewe kuliko mpira.

Na watamfukuza, mama, kama si Jumapili hii basi ijayo. Siku hiyo atapita mjini kila mtu akimuuliza kulikoni. Wewe mfungulie mlango mwenyewe, mtengee chakula, umuulize mtoto wamepanga kumwita nani.