Aliyetumwa Mafuta ya Taa

Jumapili, 1 Agosti 1993
Misa ya pili. Padri katangaza ndoa yetu mara ya kwanza: Masanja, mchimba dhahabu, na Veronika, fundi cherehani wa hapa Ushirombo. Anayejua kizuizi aseme. Masanja akakohoa. Nilimwona. Bado matangazo mawili.

Jumanne, 3 Agosti
Mteja mpya kutoka Tinde, Mama Kulwa. Nampima kiuno, ananiambia taratibu kwamba Masanja alikaa naye miaka miwili. Jioni moja Mama Kulwa akamtuma mafuta ya taa. Njiani akasikia kuna rashi, dhahabu imeonekana mahali, akapanda lori na chupa mkononi. Hakurudi. Hakuaga. Nikamuuliza kama kaja kuzuia ndoa. "Nizuie nini, mdogo wangu? Nimekuja kukuona tu." Halafu akaagiza gauni la kuvaa kwenye harusi yangu. Kitenge cha njano. Nikaandika vipimo.

Jumapili, 8 Agosti
Tangazo la pili. Nimembana Masanja nyuma ya kanisa. Kakiri: Mama Kulwa, na mwingine huko machimboni, Bertha. Basi, hao tu. Eti alikuwa anaona aibu kuaga. Aibu! Mtu anayeshuka shimoni kwa kamba.

Jumatano, 11 Agosti
Bertha mwenyewe kaja. Mama lishe wa machimbo ya Geita, mikono minene, kicheko kikubwa. Kwake Masanja aliacha ugali mezani, akasema anakwenda kunawa mikono. Huu mwaka wa nne ananawa. Nilicheka na pini mdomoni, nusura nimeze moja. Akaona kitenge cha Mama Kulwa, akataka hicho hicho. Kwa hiyo wanawake wa zamani wa mchumba wangu wana sare. Bibi harusi hana gauni. Alipoondoka nililia.

Alhamisi, 12 Agosti
Kitambaa cheupe nilichochukua dukani kwa Bwana Karim bado kimekunjwa. Mkasi siugusi. Nampenda Masanja, hapa sina wa kumdanganya. Lakini mtu huyu nitamtuma nini? Hata chumvi naogopa. Mama anasema kila mwanamume ana yake. Mama hajawahi kuachwa na sahani ya ugali.

Ijumaa, 13 Agosti
Rashi upande wa Geita. Tangu asubuhi malori yanapita yamejaa wanaume na sululu. Chumba cha Masanja kina kufuli. Nimekwenda kwa Padri kumwambia asitangaze mara ya tatu. Hakuniuliza kitu. Nadhani naye aliyaona malori. Nina hasira. Zipu ya mteja nimeishona kinyume.

Jumamosi, 14 Agosti
Saa tatu asubuhi, Masanja huyu hapa. Vumbi mpaka kwenye kope, sululu begani. Jana alipanda lori, akashuka njiani, karudi kwa miguu. "Vero, nimekuja kuaga." Nikamwambia haya, umeaga, nenda. Hakwenda. Kasimama mbele ya cherehani, wateja wanamtazama, lori lingine linapiga honi barabarani. Mwisho akasema, "Ndiyo maana nilikuwa siagi. Ukishaaga, mguu hauendi." Akaketi kwenye benchi la wateja. Lori likaondoka. Mimi nikaendelea kushona, hata maji sikumpa mpaka saa sita.

Mchana nikarudi kwa Padri. Safari hii aliuliza kama nina hakika. Nikasema yeye atangaze, hakika nitaipata kesho.

Jumapili, 15 Agosti
Tangazo la tatu limesomwa. Hakuna aliyesema kitu, mimi nikiwemo.

Baada ya chakula nimempa Masanja chupa tupu, nikamtuma mafuta ya taa. Chupa nyingine imejaa, nimeificha uvunguni. Nikakaa mlangoni, mkasi mapajani. Duka si mbali. Alikawia kidogo, anasema kulikuwa na foleni.

Karudi na chupa. Nimekikunjua kile kitambaa, nimeanza kukata.