Mashine Imenipa Dada Nisiyemwomba

Jumanne, mwezi wa Rajabu. Jua limeshuka mpaka juu ya paa, mabati yanalia. Upepo hakuna. Hata paka amehamia chini ya mtungi.

Leo ni siku ya tatu sijatoka nyumbani.

Si mgonjwa. Miguu ninayo yote miwili, na fimbo juu. Tatizo langu ni milango. Nyumba yangu hapa Mambrui ina miwili. Wa mbele unatazama baraza ya Mzee Kombo na wenzake, watu ambao Mungu amewapunguzia meno akawazidishia maneno. Wa nyuma unatazama kwa Bi Mwanaesha. Mbele nitachekwa, nyuma nitaulizwa. Basi nimekaa katikati kama panya aliyesikia paka pande mbili.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mbwana, miaka sabini na ushei. Shule nilifika darasa la nne. La tano nililiona dirishani nikipita na mbuzi. Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia mjukuu wangu Saumu, ati niandike mambo yangu humu nipunguze kumchosha yeye. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliniacha miaka sita iliyopita. Mwanaesha naye ni mjane, ana miaka kama kumi nyuma yangu. Alikuja Mambrui kwa ndoa, kwao ni Gongoni. Kati ya uwanja wake na wangu pana ua wa makuti wenye tundu. Walianza kulipita kuku, zikafuata sahani, yakafuata maneno. Tumekubaliana tuoane Mfungo Mosi, tukishakula Idi.

Nimeandika "tumekubaliana". Sijafuta. Likae hivyo kwanza.

Sasa habari ya Saumu na mashine yake. Saumu ni mwanamke mzima, amesomea kompyuta Mombasa na kazi yake iko Malindi. Kila mwisho wa wiki huja hapa kukusanya ujamaa wa mji wetu: nani kamzaa nani, nani kamuoa nani, nani kamlea nani. Wazee wanakufa na nasaba zao kifuani, na vijana wanaposana bila kujua wanamposa nani. Anataka mtu akitaka kuposa aweze kuuliza kwanza. Kitu chenyewe anakiita ontolojia. Mara ya kwanza nilidhani ni maradhi ya tumbo.

Nilivyoelewa mimi ni hivi. Kompyuta haijui kitu. Ukiiandikia "mama", kwake ni alama tu, kama nyayo za kuku mchangani. Haijui kwamba mama huzaa. Haijui kwamba mama hunyonyesha. Haijui kwamba mamako hawezi kuwa mdogo kuliko wewe. Yote hayo lazima uyaseme wazi, moja moja: hiki ni aina ya nini, kina uhusiano gani na kile, na hili likiwa kweli, lipi jingine linafuata. Ukishaiambia haisahau, na hapo huanza kuunga mambo yenyewe. Iambie Ali ni mwana wa Fatuma, na Fatuma ni mwana wa Rehema, nayo itakujibu kwamba Rehema ni bibi yake Ali. Hukuiambia. Imejua.

Nilicheka. Kuku wangu anamjua mamake bila kusomeshwa.

Lakini mchezo wenyewe niliuingia kwa miguu miwili. Ramani ya ujamaa aliyoanza nayo Saumu ilitoka ng'ambo, na ndani yake ami na mjomba walikuwa wametiwa chungu kimoja. Nikamwambia, mjukuu wangu, ami, nduguye baba, ndiye anayekuozesha, mjomba ndiye unayemwibia muwa asikuchape. Watenganishe. Akawatenganisha. Tangu siku hiyo nikawa mwalimu. Mimi, wa darasa la nne, nimekaa mkekani nasomesha mashine! Nilivimba kama hamri kwenye mafuta.

Siku moja tukafika kwenye maziwa. Sheria ya kunyonya niliisoma katika chuo cha Kurani cha Maalim nikiwa mtoto, na siku hiyo kwa bahati mbaya sikutoroka. Nikamwambia Saumu aandike: waliokunywa ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Iwe kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Iwe mara tano za kushiba, si za kuonja. Hata kama hawajuani.

"Hata kama kati yao imepita miaka kumi, babu?"

Nikagonga fimbo chini. "Hata ishirini, maadamu ziwa ni lile lile!"

Kamba niliisokota mwenyewe. Tena nene.

Siku nyingine tulikuwa barazani, Kombo anajisifu kwamba mamake alimnyonyesha mpaka akaota ndevu. Mimi nishindwe na Kombo? Nikatoa yangu. Nilipokuwa mchanga mamangu alishikwa na homa kali, akaninyonyesha jirani, Bi Zubeda, ambaye baadaye alihamia Gongoni na mumewe. Mpaka hapo ni kweli, alinambia mama kwa kinywa chake. Yaliyobaki nilitia mimi. Kwamba ilikuwa siku saba, mchana na usiku. Kwamba nilinyonya mpaka Bi Zubeda akawa anapewa supu ya kuku wawili kwa siku asije akazimia. Watu walicheka, Kombo akapaliwa na tambuu.

Saumu akaandika siku saba. Akaniuliza kama nina yakini.

"Yakini!" nikasema.

Nisilolijua ni kwamba wiki iliyofuata Saumu alikaa na kina mama. Mwanaesha akamsimulia kwamba mamake alifariki akimzaa, huko Gongoni, na aliyemnyonyesha mpaka kumwachisha ziwa ni Bi Zubeda, mwanamke aliyetoka Mambrui. Hakuwahi kunambia. Wala mimi sikuwahi kumwambia yangu. Wazee wawili kwenye ua wa makuti wanazungumza nini? Kuku, magoti, na nani amekufa. Nani anamwuliza mchumba ulinyonya kwa nani?

Jumamosi Saumu alileta mashine barazani awaonyeshe wazee kazi ilipofika. Akabonyeza. Mashine ikafikiri muda wa kumeza mate, halafu ikaanza kutoa jamaa ambao hakuna aliyewataja. Watu wakashangaa, huyu kumbe ni mkwe wa yule, yule kumbe ni binamu wa huyu. Kisha ukatokea mstari mmoja mwekundu.

Mbwana na Mwanaesha, ndugu wa ziwa moja. Hawaoani.

Kombo akafungua kinywa chenye meno manne.

"Hongera, Mbwana! Umekuja na mchumba, warudi na dada!" Watu wakaangua. Naye akasogea, akanishika bega kwa adabu za uongo. "Basi kaka mtu, posa zake sasa tulete kwako? Maana mimi nina nafasi moja."

Tangu hapo jina langu ni Kaka Mtu. Wanaliita mbele ya mlango wangu wakipita, asubuhi na jioni, kama wauza maji.

Jioni ile ile nilimwambia Saumu afute.

"Nifute lipi, babu? Kanuni ni yako. Kisa ni chako. Yakini ni yako."

Nikamwambia zile siku saba ni chumvi, nilitia mimi. Akanitazama kwa huruma, na huruma ya mjukuu ni kitu kibaya. "Babu," akasema, "unasema hivyo leo?"

Hapo ndipo nilipouona mtego mzima. Maisha yangu yote nimesema uongo mtamu, nikaaminiwa. Siku niliyosema kweli, kweli yenyewe ilikuwa inanifaa mno.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo sijamwambia mtu. Sina hakika kama ni chumvi.

Mama alisema, "Zubeda alikunyonyesha nilipougua." Basi. Mara ngapi, hakusema, nami sikuuliza. Huenda ni mara moja. Huenda ni siku kumi. Mama amekufa, Bi Zubeda amekufa, na binti yake wa pekee amekufa. Nimekichimba kichwa changu siku tatu, na kila nikifukua naikuta chumvi yangu mwenyewe.

Jana baada ya alasiri alikuja Maalim, maana hajaniona msikitini. Huyu ni mjukuu wa yule Maalim aliyenisomesha, na hata yeye sasa ana mvi. Hakucheka, na kutocheka kwake kukanitia hofu. Akasema, kwa alivyosoma, shaka ya hesabu haiharamishi, ila mwenye kuichunga dini yake hujitenga na lenye shaka. "Sheria haikufungi, Mzee Mbwana," akasema. "Sasa ni wewe na nafsi yako." Akanywa chai yangu, akaenda zake.

Nilidhani atakuja na ufunguo. Ameniongezea mlango wa tatu.

Leo asubuhi nikampigia Saumu simu, akaja kabla ya kwenda kazini. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia: mjukuu wangu, pale penye siku saba, andika sijui.

Hakunihoji. Alinieleza tu kwamba mashine yake haina ugomvi na sijui. Lisilosemwa, kwake si uongo, ni jambo ambalo halijajulikana. Inaweza kungoja. Inayoiharibu ni yakini ya bure. Kwa hiyo kila neno tuliwekee nani kalisema, kalisikia kwa nani, na ana yakini au ana shaka. Tukayapitia maneno yangu yote, tangu la kwanza. Kwamba babu yangu mzaa baba alimpiga simba kofi: shaka. Kwamba ukoo wetu uliwahi kumkopesha sultani mkeka: shaka. Kwamba babake Kombo alikuwa mwizi wa kuku: shaka. (Hilo liliniuma.) Saumu aliandika huku ameuma mdomo asicheke.

Kisha akabonyeza. Mstari mwekundu ukatoweka, na pahali pake pakaandikwa: haijulikani.

Nilidhani nitafurahi.

Baada ya adhuhuri ikaja sauti ya Mwanaesha tunduni. "Mbwana, mlango wako wa nyuma umekula ufunguo?"

Nikatoka. Mpaka lini? Nikakaa juu ya kinu upande wangu, yeye upande wake, makuti katikati.

"Sitaki ya Kombo," akasema, "wala ya mashine ya Saumu. Nataka yako. Ulinyonya kwa Bi Zubeda ama hukunyonya?"

Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Jibu lilikuwa limeshavaa kanzu, lipo mlangoni: mara moja tu, Esha. Maneno manne. Angeniamini. Katika Mambrui nzima ni yeye peke yake anayenunua bidhaa yangu bila kuinusa.

"Nilinyonya," nikasema. "Mara ngapi, sijui. Zile siku saba nilizitia mimi."

Kuku akapita tundu, akatutazama, akarudi.

"Leo ndiyo mara ya kwanza kulisikia neno sijui kinywani mwako," akasema. Hakuwa anacheka, wala hakuwa ameudhika. Akasukuma sahani, wali wa nazi na mchuzi wa papa. "Kula. Sahani yangu hairudi tupu, wajua. Utakachotia ndani ndicho jibu lako, nami nitakuwa radhi nalo. Lakini Mbwana, hili usinitanie."

Nimekula. Wali ulikuwa mzuri kuliko siku zote, na hilo halikunisaidia.

Mashine inaweza kukaa na "haijulikani" mpaka Kiyama, isikonde. Mimi nina sahani ya kurudisha kesho.

Ya kutia ni mawili tu. Pale nje ya choo nina mwasumini. Mchumba hutia asumini, mwanamke akaitunga, akaivaa. Au nitie samaki. Ndugu humpelekea nduguye kitoweo, hakuna wa kuuliza.

Nikitia asumini, najua ataipokea. Tutaoana. Maalim atasoma, Kombo atakula pilau yangu na bado atasema. Hayo naweza. Nisiloliweza ni hili: kila jioni akinipa maji ya kunawa, nitakuwa nahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Nitaishi naye nikiogopa kufika tano.

Shaka hii nimeizaa mimi, kwa kutaka kumshinda Kombo kuchekesha. Sitampa Mwanaesha ailee.

Sahani nimeiosha. Kesho asubuhi nitatoka kwa mlango wa mbele, nipite baraza nzima, niende pwani nikachague samaki wawili, changu wanono. Nirudi nao sahanini, wazi, wakiona wote. Wataniita Kaka Mtu. Nitaitika. Kisha nitazunguka nyumba mpaka mlango wake wa mbele, nibishe hodi kama ndugu anavyobisha, nisipite tena tundu la kuku.

Mwasumini nimeuacha ulivyo. Jioni hii umechanua wote. Madirisha nimeyafunga, na bado unanukia mpaka humu ndani.