Supu Uliyoniomba Jumanne

Mama,

Kuna sauti moja haiondoki. Si sauti yako. Yako ndiyo ninayoitafuta na siipati. Maneno nayakumbuka yote, lakini nikiyarudia kichwani yanatoka kwa sauti yangu mwenyewe. Hii ninayoisema ni ile iliyokuwa ikitoka jikoni nilipokuwa mdogo, homa imenilaza. Kishindo kizito, kisha kitu kama mguu unaochomolewa kwenye matope. Pu. Pwaa. Pu. Pwaa. Nilikuwa naisikiliza nimejifunika gubigubi, nikijua kwamba ikikoma utaingia na bakuli. Supu nzito, nyeupe inayokaribia umanjano, karoti na njegere ndani yake, na juu pilipili manga ya shambani kwetu uliyoiponda muda huohuo. Ungeketi ukingoni mwa kitanda useme, "Amka, Skola, kabla haijafanya utando."

Sikuamka hata siku moja kwenda kuona ile sauti inatokana na nini. Nililala nikisubiri bakuli.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako Kinole, nimekalia kigoda chako. Kuni ni mbichi na moshi unanitoa machozi, kwa hiyo leo sihitaji kumweleza mtu kwa nini nalia.

Tuanze na ile Jumanne, maana nisipoisema nitaandika kurasa kumi nikiizunguka. Ulinipigia simu mchana, nikiwa kazini mjini. Ulikuwa unakohoa. Ulisema ni mafua ya mvua tu, kisha ukacheka na kusema, "Leo mgonjwa ni mimi. Nani atanipikia supu?" Nami nikacheka. Nilikuwa na karatasi mbele yangu, na mkuu wangu amesimama mlangoni. Nikakwambia, "Nitakuja Jumamosi, Mama." Ukasema haya, Jumamosi si mbali.

Alhamisi asubuhi Mjomba akapiga. Mafua yalikuwa kichomi.

Nimesoma, Mama. Uliuza ndizi na pilipili manga mpaka nikavaa joho pale Mzumbe, nikafundishwa kupima maneno ya watu na kuona wanachotaka kweli. Na mama yangu, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kuniomba hata maji ya kunywa, aliniomba supu, nikadhani ni utani.

Nikueleze sasa kilichotokea baada yako. Bibi hali. Nasema mama yako, aliyekuzaa, hali chakula. Tangu tulipokuzika anakunywa chai ya rangi, na uji vijiko viwili akilazimishwa. Halii na hasemi. Anakaa mlangoni kuangalia njia ya shamba, na ukimpa sahani anaishika kwa adabu, anaishikilia mpaka chakula kipoe, kisha anakurudishia. Misa ya arobaini ilipokwisha, mikono yake ilikuwa imebaki mifupa na ngozi. Nilimshusha mjini nikakaa naye kwenye chumba changu cha Mwembesongo. Daktari alimpima kila kitu. Akaniambia hana ugonjwa, nimpe supu.

Nusura nicheke mbele ya daktari.

Nikampikia. Nilinunua kuku wa kisasa aliyekwisha kusafishwa, karoti, njegere, kitunguu, liki, na krimu ya boksi, maana ndivyo ilivyoandikwa kwenye simu. Niliupiga unga kwenye siagi, nikamimina na kukoroga, ikatoka laini, ya kupendeza macho. Bibi alionja kijiko kimoja. Alikaa nacho mdomoni muda mrefu, akameza kwa heshima, akasema, "Hii ya hotelini. Mrudishie mwenyewe." Hayo ndiyo maneno aliyoyasema wiki nzima ile.

Mara ya pili nikatafuta kuku wa kienyeji na maziwa ya ng'ombe. Nikamkamulia limau kama unavyomkamulia kuku wa mchuzi, kisha nikamimina maziwa sufuria ikiwa inatokota. Unajua kilichotokea. Yalikatika yote, mabongemabonge, maji ya kijani yanaelea juu. Nilikaa sakafuni na ile sufuria mapajani. Nilikuwa nimekuona ukichemsha maziwa, ukikamua limau, ukitoa njegere kwenye maganda. Nilikuwa nimekuona ukifanya vyote, lakini sijui kipi hutangulia kipi. Niliona kwamba na huyu nitamzika, na watu wa msibani watasema tulifanya tulichoweza, na mimi nitajua kwamba alikufa kwa sababu mjukuu wake mwenye digrii hakuwahi kuinuka kitandani kumwangalia mama yake akipika.

Mjomba alipopata habari akaja na uamuzi. Unamjua kaka yako, husema kama aliyekwisha kupiga muhuri. Bibi atahamia kwake Dakawa, nyumba yako itafungwa, mimi nirudi kazini nikajenge maisha yangu, shamba litaangaliwa baadaye na ukoo. Alisema kwa wema. Hilo ndilo lililoniumiza. Akanipa wiki moja nimrudishe Bibi Kinole akachukue nguo zake, yeye angekuja Jumamosi kumchukua.

Jumamosi, Mama. Kati ya siku zote.

Tulipofika nyumbani nilimkuta Mama Desi, jirani yako, akipalilia kaburi lako bila kuombwa. Nikamwamkia, nikaketi pale kwenye majani na kumweleza ile sauti. Nilijaribu kuiiga kwa mdomo. Pu. Pwaa. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyepotea sokoni. "Si magimbi hayo? Mama yako alikuwa anatwanga magimbi."

Magimbi. Yale tuliyoyakanyaga kila siku tukienda mtoni kuteka maji, majani yake tuliyochezea kama miavuli. Uzito wote ule, ulaini wote ule niliodhani ni siri ya masista wa misheni waliokufundisha upishi, ulikuwa gimbi lililochemshwa na kutwangwa kwa mchuzi kidogo, likarudishwa kwenye supu, na maziwa yaliyochemshwa pembeni yakimiminwa mwisho, chombo kikiwa kimeshaepuliwa. Mama Desi alinieleza yote kwa dakika tano, huku anang'oa magugu.

Nikakimbilia bondeni. Nikachimba kwa mikono, nikachemsha, nikatwanga. Na nikaisikia, Mama. Mchi ulishuka, ukanata, nikauchomoa. Pwaa. Nililazimika kusimama kwa muda nikiegemea ukuta. Ilitoka mikononi mwangu.

Lakini nilikuwa na haraka. Nilichoma gimbi kwa kisu, kisu kikaingia, nikasema limeiva. Binti aliyezaliwa milimani. Hata mtoto wa darasa la kwanza Kinole anajua gimbi halisadikiwi kwa kisu. Unakata kipande unakionja wewe kwanza, ukae, usikilizie koo. Mimi sikuonja. Nilimpelekea Bibi bakuli likitoa moshi. Akanywa kijiko cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Nikaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Halafu akashika koo.

Yalikuwa mabichi. Alikohoa, akajikuna shingo, machozi yakamtoka, na mimi nikawa nazunguka chumba nikitafuta maji, nikijiambia nimemuua, nimemuua kabisa. Alipopata pumzi alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwenye mwili mdogo kiasi kile.

"Umenipikia magimbi mabichi, mke mwenza. Miaka yote shuleni walikuwa wanakulisha nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mke mwenza tangu ulipoondoka. Nikapiga magoti mbele yake kuomba radhi, na hapo ndipo hasira ikamvunjika. Akasema jambo ambalo nadhani hakuna aliyelijua ila ninyi wawili. Kwamba ile Jumatano, siku moja baada ya kunipigia simu, uliamka na homa yako, ukashika mchi, ukampikia yeye supu kwa kuwa alikuwa analalamika baridi. Kwamba ulikuwa unasimama kila mara kushika ukuta. "Alinipikia akiwa anakufa," alisema, "na mimi nikala. Nikaomba na nyongeza."

Basi ndiyo hiyo. Hakuwa anakataa supu yangu. Alikuwa anakataa kula tena baada ya ile.

Nilichokuwa nacho ni jambo langu, nikampa. Nilimweleza simu ya Jumanne, mkuu wangu mlangoni, kicheko changu, Jumamosi. Sijamwambia mtu mwingine, hata padri. Alisikiliza mpaka mwisho huku anajikuna shingo. Hakunifariji. Alisema tu, "Kumbe tuko wawili." Tukakaa hivyo, yeye kitandani na mimi chini, mpaka kuku walipoanza kuingia bandani.

Jumamosi asubuhi alinipigia kelele kutoka chumbani nimbebe mpaka jikoni. Ni mwepesi, Mama. Nimewahi kubeba mikungu ya ndizi iliyomzidi. Nikamweka kwenye kigoda hiki, akaelekeza. Alitaka achinjwe yule tetea wako mweupe mwenye kichwa cheusi, uliyekuwa ukimwita Sista. Nilisema hapana, huyo ndiye alikuwa akikufuata mpaka shambani. Bibi akasema ndiyo maana.

Mjomba alipofika, hata kabla hajaketi, nilimwamkia nikamkabidhi kisu na kuku. Alifurahi. Alidhani ni kuku wa kuagana, kwamba Bibi anaondoka naye. Mwanamke kwetu hachinji kuku, na firigisi ni ya mjomba, hayo anayajua vizuri kuliko sala. Alichinja, akaosha mikono, akaenda kukaa barazani kuingoja.

Tulifanya polepole. Nilinyonyoa, nikambabua juu ya moto vinyoya vidogo viishe, nikamchemsha na kitunguu na tangawizi mpaka nyama ikaachia mfupa. Magimbi nilichemsha na maganda yake. Nilionja kipande, nikakaa, nikasikilizia koo. Bibi akasema ongeza kuni. Nikaonja tena. Ongeza. Mara ya tatu akaonja mwenyewe, ndipo akasema twanga. Nilipotwanga alifumba macho, na nikajua na yeye anaisikia. Karoti, njegere. Maziwa mwisho, chombo kikiwa chini. Hayakukatika.

Kisha Bibi akaomba firigisi. Akaikata vipande vidogo kama punje za mchele, akavizamisha chini kabisa ya bakuli lake. "Mama yako alikuwa anakulisha hivi ukiwa mgonjwa," alisema, "alidhani sioni." Sikujua, Mama. Nilidhani ni nyama tu. Miaka yote ulikuwa unaiba firigisi ya kaka yako kwa ajili yangu.

Mjomba alipochungulia bakuli lake na kuchokora kwa kijiko, Bibi alimwambia kwa upole, "Leo utakula shingo, mwanangu." Akala shingo.

Bibi alikula nusu bakuli. Sikudanganyi ili ulale vizuri; ilikuwa nusu, na baadaye alitapika kidogo. Siku iliyofuata alikula vijiko vinne. Leo amekula sita, kisha akarudi mlangoni kuangalia ile njia. Sijui kama ataishi. Kuna mchana namtazama kifua amesinzia, nahesabu pumzi zake. Na hata akiishi, Mama, hata akinenepa na kucheza ngoma, wewe uliniomba bakuli moja na hukulipata. Hilo hakuna mchi utakaolitwanga likalainika. Nimelikubali kwamba nitatembea nalo.

Mjomba aliondoka bila Bibi. Alisema tutazungumza, atarudi Jumamosi ijayo, na kwamba msichana aliyesoma hawezi kukaa mlimani kuchochea kuni. Najua nawe ungesema hivyohivyo. Ungesema hukuuza mikungu yote ile ili nirudi nilipotoka. Samahani, Mama. Nimekufikiria ukiwa umekasirika, nikagundua kwamba hata hasira yako naitamani.

Pumzika sasa. Usiinuke tena kwa ajili ya mtu. Kila Jumamosi sauti ile itatoka jikoni hapa, uisikie huko ulipo, na maadamu Bibi anafungua kinywa nitaonja mimi kwanza kabla yake. Palipo na kaburi lako pananyesha leo, mvua ndogo. Nimeweka mawe pembeni udongo usishuke.

Mjomba bado hajajua. Jumatatu nilishuka mjini, nikampa mkuu wangu barua ya kuacha kazi, na funguo za chumba cha Mwembesongo nikazirudisha kwa mwenye nyumba. Godoro limepanda nami kwa bodaboda. Nimelitandika kwenye kitanda chako, upande wa ukutani, mahali ambapo mtu akilala anasikia jiko.

Mwanao,
Skola